Kidole cha Kumi

Miaka thelathini na moja Anselmo Irigoyen
aliuza ng'ombe wa Tacuarembó kwa pumzi moja.
Bei ikipanda, ulimi unapanda nayo;
hata nzi hakupata mwanya wa kutua kati ya neno na neno.

Kisha Jumanne moja ya Juni, kipupwe cha Uruguay,
alinyoosha mkono kupokea kikombe
akataka kusema asante.
Midomo ikafumba, ikafumbua,
ikatafuta, kama mtu apapasaye swichi gizani
katika chumba alicholala maisha yake yote.
Ikatoka "sate." Ikatoka "tansa."
Mara ya tatu hakikutoka kitu.

(Kikombe hicho kilikuwa cha mate.
Ndiyo, chai yao chungu ya majani huitwa hivyo.
Cheka sasa, maana mbele hapachekeki.)

Daktari alionyesha picha ya ubongo:
kidoa upande wa kushoto, mfano wa punje ya hindi.
Damu ilikosa njia pale. Kiharusi.
Nélida, mkewe, akauliza: ulimi umepooza?
Haukupooza. Unalamba, unameza,
midomo inapiga mluzi, mbwa anakuja.
Nguvu ipo. Kilichopotea ni ramani,
ile amri ya kimya: kwanza midomo, kisha koo,
sasa ncha ya ulimi nyuma ya meno.
Neno analijua. Analiona limesimama zizini.
Lango ndilo limesahau linafungukia upande gani.

Alhamisi, benchi la hospitali.
Bi Eulogia mshonaji, mkono ukitetemeka pajani
kama unasokota uzi usiokuwepo,
sauti imefifia hata mumewe, nusu kiziwi,
anadhani amenuniwa tangu Pasaka.
Akianza sentensi, maneno yanakimbizana,
yanakanyagana mlangoni, yote kwa kidato kimoja.
Wilmar, miaka ishirini na miwili, pikipiki na mti:
pale kisogoni, penye mizani ya mwili, paliumia.
Silabi zake zinayumba, moja kubwa, moja ndogo.
Polisi wamemsimamisha mara mbili wanuse pumzi yake.
Hajaonja pombe tangu ajali.
Na yule mwalimu wa jiografia asiyetaka atajwe,
ambaye misuli inamhama mmoja mmoja.
Anasemea puani, leso haitoki mkononi,
na mate hapo si chai tena.

Mtaalamu wao, binti aitwaye Yamila, hasemi pole.
Anagonga meza kwa kidole: silabi, pigo, silabi, pigo.
"Don Anselmo, sema saba."
Jasho. "Ta... basa..." Akaitupa kofia
akatukana tusi zima, refu, lenye mama na farasi ndani yake,
safi, halikukwaa hata kwenye konsonanti moja.
Benchi likaangua kicheko. Wilmar akapiga makofi.
Yamila akaandika kitu.
"Tusi halipiti njia iliyoharibika," akasema.
"Wala kuhesabu. Anza moja."
Moja, mbili, tatu, nne, tano, sita,
saba.

Jina la Nélida bado.
Siku nyingine hutoka zima, bila kuitwa,
anapotafuta miwani.
"Rudia," anamwambia, kashikilia sufuria.
Halipo.

Oktoba, mwanawe ndiye aliyeshika nyundo mnadani.
Jioni akabaki ng'ombe mmoja mkongwe, mbavu nje.
Kijana akamkabidhi babake nyundo, akarudi nyuma.
Mnunuzi aliinua vidole tisa, kila kimoja peso elfu.
Anselmo hakuweza kuirukia tisa.
Alishuka mpaka chini kabisa akaanza kupanda:
"Moja," na wachinjaji wakazima sigara,
"mbili," na mtu akamkanya mtoto,
ikaja sita, ikaja saba, nane, ikaja tisa,
na ngazi ile, ukishaipanda, haina breki:
"kumi."

Nyundo ikalia.
Mnunuzi akavitazama vidole vyake tisa.
Akamtazama Anselmo.
Akainua kile kilichobaki.